Miaka saba ya kliniki ya ngozi na mafuta ya Kilisun: hesabu ya fundi cherehani

Nina ualbino, nina miaka 43, na nashona nguo kwenye kibaraza cha duka katika mji mdogo wa tambarare, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tangu 2018 nahudhuria kliniki ya ngozi inayotuzungukia kila baada ya miezi mitatu, na napaka mafuta ya kukinga jua ya Kilisun tunayopewa hapo. Wateja wengi wananiuliza kama huduma hiyo inafaa kitu. Wengine wana watoto wenye ualbino na hawajampeleka mtoto hata mara moja, wakiogopa kupoteza siku ya kazi na nauli. Naandika kwa ajili yao, na nitaandika kwa shilingi, kwa sababu nina madaftari mawili ninayoweza kuyaweka kando kwa kando.

Daftari la kwanza ni la kaka yangu. Naye alikuwa na ualbino. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali, kutwa nzima juani, kitambaa tu kimefungwa kichwani na masikio yote nje. Mwaka 2011 kilimtoka kidonda nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama. Kinakauka, kinabanduka gamba, kinarudi. Zahanati aliyokwenda walimpa dawa ya kupaka mara mbili, wakamwambia ni aleji. Hakuna aliyelikunja lile sikio akaangalia vizuri. Hadi mwisho wa 2012 kidonda kilikuwa kimeshakula ukingo wa sikio, na Januari 2013 tukaanza safari za Dar es Salaam kwa mionzi ya kutibu kansa.

Niliandika kila kitu kwa sababu ukoo ulikuwa unachanga, na nilitaka kila aliyetoa aone fedha yake imekwenda wapi. Nauli ya basi, watu wawili, kwenda na kurudi, safari sita. Chumba cha kupanga Mbagala, miezi minne. Chakula. Bandeji, pamba, spiriti, bandeji tena. Ukurasa mzima ni bandeji. Ng'ombe wa maziwa wa mama aliuzwa 520,000. Jumla mpaka mwisho ni shilingi 3,740,000, na humo matibabu yenyewe ni sehemu ndogo. Kubwa ni njia, kulala na kula. Halafu kuna kitu ambacho wakati ule sikukiandika, nimekuja kukiongeza kwa kalamu nyingine: siku ambazo hakufanya kazi. Alikuwa akipata kama 8,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 14. Hizo ni shilingi 2,912,000. Ukijumlisha zote unapata 6,652,000. Kaka alifariki Machi 2014 akaacha watoto watatu. Hao siwezi kuwaandikia tarakimu.

Daftari la pili ni langu. Kliniki nne kwa mwaka. Kila moja nauli 3,000 kwenda na kurudi, chakula cha mchana 2,000, na nusu siku ya kushona ambayo naikadiria 6,000. Hiyo ni 44,000 kwa mwaka. Naongeza kofia moja mpya kila mwaka, kitambaa na uzi 5,000, na miwani ya jua 10,000. Inakuwa 59,000. Kwa miaka saba ni 413,000. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi usiku: fedha aliyougulia kaka yangu ni mara kumi na sita ya fedha niliyotumia mimi kukaa mzima kwa miaka saba.

Sasa niseme huduma yenyewe ikoje.

Ukifika unaandikishwa, unapewa namba, na kabla ya daktari kuna somo. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, anasimama na kioo cha mkononi na kopo la mafuta. Hasomi karatasi. Anamwita mtu mmoja mbele, anamwambia, "Jipake kama unavyojipaka nyumbani." Mara yangu ya kwanza aliniita mimi. Nilichota kidogo, nikapaka mashavu, paji la uso na pua, nikasimama. Akanipa kioo, akasema, "Haya dada, nionyeshe ulichosahau." Niliangalia sana sikuona kitu. Akanishika sikio akalikunja mbele taratibu, akagusa kwa nyuma. Halafu ncha za masikio, halafu shingo kwa nyuma, midomo, na juu ya viganja. Alipogusa nyuma ya sikio machozi yalinitoka mbele za watu. Hakujua kwa nini, lakini aliniacha nikae, akaendelea na mwingine.

Ni katika somo hilo nilipojua mambo ambayo kaka yangu hakuambiwa na mtu. Kwamba ngozi yetu haina ile rangi, melanini, inayozuia miale ya jua isiharibu chembe za ndani, kwa hiyo uharibifu unaanza utotoni na kujilimbikiza. Kwamba mafuta hupakwa dakika 20 hivi kabla ya kutoka, na kurudiwa kila saa mbili ukiwa nje. Kwamba mawingu hayazuii miale yote. Huku kwetu mwezi Juni na Julai mlima unaweza kujificha wiki nzima na watu wanavaa masweta. Zamani nilikuwa naacha kujipaka miezi hiyo nikidhani naokoa mafuta.

Kwa daktari unavua mpaka mabegani. Anapita na lenzi yenye taa, polepole, kichwani, masikioni, shingoni, mgongoni, mikononi. Akikuta baka kavu lenye magamba analigandisha papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika, gesi iliyopozwa mno, ambayo ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inatoka kama moshi mweupe. Inachoma kama pilipili iliyoingia kwenye mkwaruzo, kwa sekunde chache, kisha panavimba lengelenge, panakauka, panabanduka. Nimegandishwa mabaka saba kwa miaka yote. Mwaka 2022 alikuta kitu kwenye kipaji cha uso upande wa kulia ambacho hakukipenda. Sindano ya ganzi, akakikata, akashona nyuzi nne (nilimwangalia kwenye kioo, ameshona vizuri, mishono midogo iliyolingana), kikapelekwa kupimwa. Ilikuwa kansa, ikiwa mwanzoni kabisa, na imetoka yote. Nilikosa kazi siku tatu. Kidonda cha kaka yangu nacho kiliwahi kuwa na ukubwa huo.

Mafuta. Kilisun inatengenezwa hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na baadhi ya wanaoitengeneza wana ualbino kama mimi. Kazi hiyo ilianzishwa na mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na vile viungo vinavyochuja miale vinatoka kampuni ya BASF ya Ujerumani. Kinga yake ni 30+. Kinga ya 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza ngozi, ila ni pale tu unapopaka ya kutosha, na hapo ndipo wengi tunapokosea, tunapaka kama mafuta ya nazi. Kwangu haijawahi kuwasha wala kuharibu kola ya blauzi. Haiuzwi. Tunapewa.

Kupewa huko ndiko kunakowafanya wengine waidharau, kwa hiyo niseme bei ya kununua. Kabla sijajua kliniki, nilinunua losheni ya kutoka nje katika duka la dawa mjini, chupa ya mililita 100, shilingi 45,000. Ukiipaka inavyotakiwa, usoni, shingoni, masikioni na mikononi, inakwisha siku tisa. Kwa mwaka ni chupa 40, yaani 1,800,000. Hakuna fundi wa kibarazani anayeweza. Nilichokuwa nafanya ni kuipaka kidogo kidogo ili ifike mwezi mzima, maana yake nilikuwa nalipa 45,000 na bado naungua. Chupa ya pili niliyonunua pale niliipeleka kwa mwanangu anisomee, tukakuta tarehe yake ilishapita miezi mitano. Nilirudi nayo, hawakunirudishia fedha.

Kofia ni eneo langu, niruhusuni nikae hapo kidogo. Mafuta yanahitaji kukumbukwa kila saa mbili. Kofia unaivaa asubuhi unaisahau. Kwa shilingi 5,000 sijaona kinga inayoishinda. Lakini si kila kofia. Kapelo inakinga paji la uso na pua, masikio na shingo inaviacha juani, na huko ndiko kansa nyingi za watu wenye ualbino zinakoanzia, kichwani na shingoni. Ukingo unatakiwa kuzunguka kichwa chote na usipungue sentimita 7 na nusu. Mimi nakata 9, kwa sababu mshono unakula na kitambaa kinarudi baada ya kufuliwa. Ndani ya ukingo naweka kitambaa kigumu, kile cha kwenye kola, na napiga mistari ya mshono kuzunguka, sentimita moja moja, ili ukingo usilale ukifunika macho. Wengi wetu macho yetu ni hafifu. Ukingo unaolala mtoto atauvua tu. Kitambaa nakijaribu kwa kukinyanyua juani: nikiona vidole vyangu kupitia humo, hicho si cha kofia. Kofia za mitumba za soko la Memorial zipo nzuri, ila nyingi zimefumwa wazi wazi, jua linapita kama kwenye chujio.

Krismasi iliyopita nilimwonyesha madaftari yale mawili binti wa kaka yangu. Yeye ndiye mkubwa wa wale watatu, yuko chuo, anasoma uchumi. Alisoma daftari la baba yake ukurasa kwa ukurasa na mimi nikawa najishughulisha na jiko. Baadaye akaniambia, "Shangazi, hesabu uliyoipiga hapa, Waaustralia wameshaipiga kwa nchi yao."

Akanieleza. Australia ina jua kali na watu wengi wenye ngozi nyeupe, kwa hiyo kansa ya ngozi kwao ni janga la watu wote. Mwaka 1981 walianza kampeni ya televisheni, shakwe wa katuni anaimba na kuwaambia watu wavae shati, wapake mafuta, wavae kofia. Jimbo la Victoria likaanzisha mpango wake wa kudumu, SunSmart, mwaka 1988. Kisha wataalamu wa uchumi wakakaa wakahesabu: kampeni imekula kiasi gani, na kansa ambazo hazikutokea zingekula kiasi gani kwenye matibabu na kwenye kazi ambayo wagonjwa wangeikosa. Victoria, kila dola 1 ilirudisha zaidi ya dola 2. Jimbo la New South Wales walipima kampeni tatu za vyombo vya habari zilizorushwa kati ya 2006 na 2013, na kila dola 1 ilirudisha dola 3.85.

Kilichonigusa ni kwamba nao wameandika siku za kazi. Nilidhani ni mimi tu na kalamu yangu ya pili. Serikali ikijiuliza kama inamudu kopo la mafuta kwa mtu mmoja, naomba isiangalie bei ya kopo peke yake. Iangalie na matofali ambayo hayakufyatuliwa.

Najua hali zetu hazifanani. Hapa kwetu anayehitaji mafuta haya kwa lazima si kila mtu. Mwenye ualbino hukadiriwa ni 1 kati ya watu 1,400, na hiyo ni idadi kubwa ukilinganisha na Ulaya au Marekani ambako ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Tangazo la televisheni kwa taifa zima si lazima lirudishe fedha kama kule. Tunajulikana tulipo, kwa hiyo fedha iende moja kwa moja kwenye kliniki, mafuta, kofia na kwa walimu. Jirani zetu Kenya, serikali inatoa losheni bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo jambo lenyewe linafanyika hata kwenye nchi zetu. Nami sijifichi kwamba katika hesabu yangu ya 413,000 hayumo daktari, hayumo muuguzi, na hayamo mafuta. Kuna watu wanayalipia, na ninawashukuru kwa moyo wote. Lakini hata nikijiongezea bei ya nusu ya zile chupa za dukani, 900,000 kwa mwaka kwa miaka saba, na kusema kinga ni ghali kuliko nilivyoandika, bado upande wa pili wa mizani kuna baba wa watoto watatu aliyekufa akiwa na miaka 38.

Walimu nimewataja kwa sababu. Kuna mvulana wa darasa la tatu ninayemshonea kofia. Mama yake alinijia akilia mwaka juzi: shuleni wanamvua kofia paredi kwa sababu si sehemu ya sare. Nilikwenda mwenyewe asubuhi moja nikamwona. Mistari imenyooka, wimbo wa taifa umekwisha, matangazo yanaendelea, na yeye kichwa kitupu, amekunja uso, mkono mmoja ameuweka juu ya macho. Dakika 35 kwa saa yangu. Nikaomba kuonana na mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyewahi kumweleza. Nilimwambia kuna shule Australia ambako mtoto asiye na kofia haruhusiwi kucheza juani, anakaa kivulini mpaka aje nayo. Nikamwonyesha kovu la kwenye kipaji changu. Nikamwambia nitaishona kwa kitambaa kile kile cha sare, rangi ya bluu, bila malipo. Mtoto anavaa kofia paredi tangu siku ile.

Sasa mapungufu, maana huduma ninayoipenda nataka iwe bora. Kituo tunakofanyia kliniki sitakitaja, ila wahusika wakisoma watajijua. La kwanza ni benchi. Tunaambiwa tufike saa moja asubuhi, wengine tunaonwa saa sita. Benchi la kusubiria lipo nje ukutani, na kivuli cha paa kinaondoka pale kabla ya saa nne. Watu wenye ualbino, siku ya kliniki ya ngozi, tumeketi juani tukisubiri kuambiwa tusikae juani. Nilisema mara mbili, nikajibiwa bajeti. Safari iliyofuata nilibeba turubai la kufunikia cherehani na kamba, kijana mmoja akapanda akafunga kwenye nguzo, tukakaa watu kumi na mmoja chini yake mpaka mwisho. Turubai kama hilo ni 15,000.

La pili ni kadi za miadi, maandishi madogo kama ya risiti. Macho yetu hayaoni vizuri na karibu kila mtu anamwomba mwingine amsomee tarehe. Waandike kwa kalamu nene, inatosha.

La tatu ni zito zaidi. Mwaka 2021 tarehe ilibadilishwa bila taarifa, tukafika tukakuta mlango umefungwa, na kliniki iliyofuata ilikuja baada ya miezi mitatu. Mafuta yaliniishia wiki ya pili. Miezi hiyo nilishona ndani ya chumba bila mwanga wa kutosha, nikapoteza wateja, na bado kliniki iliyofuata niligandishwa mabaka matatu kwa mpigo, kati ya yale saba. Ujumbe mmoja wa simu kwa kila mtu ungetuokoa. Kinga ikikatika miezi mitatu, mwili hausubiri.

Kwa mzazi anayejiuliza: mpeleke mtoto akiwa bado ananyonya, usingoje aanze shule. Huhitaji kidonda ili uende. Chukua shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, kofia, chakula na maji, na kitu cha kujifunika ukiwa kwenye foleni. Uliza mbele ya mtoto, ili ajue mapema kwamba mwili huu ni wake kuutunza.

Yule mvulana alikuja jumatatu hii, kofia ya bluu imembana. Nilimpima, kichwa kimefika sentimita 54. Nikiwa bado nimeshika futi nilikunja sikio lake la kushoto, kisha la kulia, nikaangalia kwa nyuma kwa muda mrefu kuliko fundi anavyohitaji. Ngozi ni laini, haina kitu. Kofia nimemwambia aje kuichukua ijumaa.